CT na Jani la Minyoo

Ukimwambia mvua itanyesha, alikuuliza umejuaje. Ukimwambia chakula ni kitamu, alitaka kujua kitamu kuliko cha nani. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika labo, yaani maabara, ya chuo kimoja cha Butembo, mimi nikiwa fundi wa kuosha chupa, kupima na kuchuja, yeye akiwa mkubwa wangu, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyoitikia salamu yangu bila kwanza kujichunguza. "Niko muzuri, Mama Labo, mais goti ya kuume iko nasumbua." Angeweza kusema mzima tu, kama watu wote, lakini aliogopa nisije nikamwona anachechemea nikasema amenidanganya.

Mji mzima ulimwita CT. Ni kifupi cha Chef de Travaux, cheo cha chuoni cha katikati: umeshapita uassistant, lakini hujaandika thèse, ule utafiti mkubwa wa mwisho, kwa hiyo bado hujawa profesa. Kwa wengi cheo hicho ni mahali pa kupumzika njiani. Yeye alikaa hapo mpaka kikawa jina. Wauza viazi walimwita CT, padri alimwita CT, na mke wake akimwita mezani alimwita CT. Wanafunzi wapya, kwa adabu au kwa kujipendekeza, walimwita Prof. Hapo aliweka chaki chini. "Miye hapana Prof. Thèse bado kuisha." Kisha akaendelea na somo. Siku moja mgeni kutoka Kinshasa alimtambulisha mbele ya ukumbi mzima kama Professeur, naye akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, akamrekebisha. Mgeni aliona haya. Sisi tuliona haya zaidi.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na koti lake la labo lilikuwa na madoa ya kijani yasiyotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Kanisani alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye sauti mbovu ya kuimba na asiyejali. Jumapili moja mama mmoja alisimama kutoa ushuhuda kwamba alikuwa mgonjwa, akaombewa, akapona. Watu wakapiga makofi. CT, aliyekaa kando yangu, akaniinamia. "Na bale bagonjwa bengine, benye hapana kuombewa, bao balikuwa namna gani?" Nilimkanyaga mguu. Lakini baada ya misa alimfuata yule mama, akamshika mikono yote miwili, akamwambia amefurahi sana kumwona mzima, na machozi yalimlengalenga. Hakuwa akijifanya, wala mara ya kwanza hakuwa akidharau. Alitaka tu kujua.

Kazi ya maisha yake ilikuwa jani. Jina lake sitaliandika hapa, na mbele utaona sababu. Linaota kwenye vilima vya Kipese na Masereka, pembeni ya mashamba ya viazi, na mabibi wa huko hulitwanga, hulichuja kwa kitambaa, kisha humnywesha mtoto mwenye minyoo, yule ambaye tumbo linatangulia na mwenyewe anafuata nyuma. Mama yake CT alikuwa mmoja wa mabibi hao. Akina mama walimletea watoto kutoka ng'ambo ya vilima. CT mwenyewe alikuzwa na jani hilo, na alipolizungumzia alisema "dawa ya mama" hata mbele ya maprofesa.

Alichotaka kilikuwa wazi. Alitaka kuonyesha, kwa vipimo ambavyo hakuna msomi angevipinga, kwamba dawa ya mama yake inaua minyoo na haimdhuru mtoto. Hapo vituo vya afya vingeweza kuitengeneza safi, kwa kipimo kinachojulikana, na mtoto wa Kipese asingengojea vidonge vilivyokwama kwenye matope njiani. Hiyo ndiyo ingekuwa thèse yake, na thèse ingemfanya profesa. Cheo chake na heshima ya mama yake vilikuwa ndani ya chupa moja, na alilijua hilo kuliko sisi sote.

Tulikausha majani kivulini, tukayatwanga, tukayaloweka, tukayachuja, kisha tukayapunguza yale maji juu ya moto mdogo mpaka kikabaki kitu kizito cha kijani kilichokolea, chenye harufu ya nyasi zilizolala mvuani. Umeme ukikatika tulihamia kwenye mbabula na makaa, na CT alikaa mbele yake akiwa na kipimajoto, akipepea kidogo, akiacha, akipepea tena. Mtu akija kumsalimu wakati huo hakujibiwa.

Dawa hiyo tuliwapa kobai. Kwetu kobai, ambaye wengine humwita simbilisi, ni mnyama wa jikoni: anazunguka karibu na moto, anakula maganda, na siku ya mgeni anaingia chunguni. CT aliwapata kwa akina mama wa Vuhovi, akawaweka katika vizimba viwili. Kizimba kimoja kilipewa dawa, kingine maji matupu, ili baadaye tulinganishe. Bila wale wa maji huwezi kujua kama dawa ndiyo iliyofanya lolote, kwa hiyo kazi yote ilisimama juu yao.

Sasa, sentinelle aliyelinda jengo letu alikuwa mzee wa Masereka, baba wa nyumba, wa kizazi kisichompa mtoto mmoja mboga na mwingine akabaki kumwangalia. Aliona kizimba kimoja kinahudumiwa na kingine hakipati kitu. Ikamuuma. Tukishafunga mlango na kwenda zetu, aliingia akawagawia wote sawasawa. Tuligundua siku CT alipoona kwamba kobai wa maji nao wana midomo ya kijani.

"Papa, ni nani alipatia hawa dawa?"

"Ni miye, CT," mzee akajibu bila hofu yoyote. "Batoto ya nyumba moja! Bamoja banakunywa dawa, bengine maji tu? Miye siwezi lala."

Kazi ya miezi ilikuwa imekwenda na maji. Nilingojea radi, maana nilikuwa nimeshamwona CT akimfukuza mwanafunzi darasani kwa sababu ya mizani isiyofutwa vumbi. Badala yake alivuta kiti, akamkalisha mzee, akamweleza maana ya kizimba cha maji tangu mwanzo mpaka mwisho, asubuhi nzima, akichora kwa chaki sakafuni. Mzee alisikiliza kwa heshima. Akasema ameelewa. Kisha akaomba kama wale wa maji wangeweza basi kupata majani ya viazi vitamu kidogo, wajue kwamba nao wanapendwa. CT akafikiri sana, akakubali, mradi vizimba vyote vipate. Tukaanza upya.

Wanafunzi hawakumjua CT huyo wa chaki sakafuni. Wao walimjua CT wa pointi, aliyewakata hata kwa kusahau kuandika ni maji gani. "Maji ya namna gani? Ya mutoni? Ya mvua? Ya mubariki?" Darasa likacheka, aliyeulizwa hakucheka. Wengi walimchukia mpaka walipopata kazi, na wachache waliniambia baadaye kwamba bado wanaisikia sauti yake wakijaza sindano. Mimi pia alinichosha. Kulikuwa na siku nilizotamani apotelee Kisangani na maswali yake, tupumue.

Na nyama ya kobai aliiacha kabisa. Katika nchi yetu hilo ni jambo la kuelezwa. Kwenye harusi moja ya Vuhovi tuliletewa sinia nzuri, na yeye akala ugali na maharagwe peke yake, mwenyeji akamwangalia kwa uchungu kama mtu aliyetukanwa. "Bako ba collègue yangu," alimwambia mwenyeji, yaani ni wenzake wa kazi, na mwenyeji hakuona kichekesho. Lakini ilipofika siku ya kuwapasua, aliwapasua kwa mkono wake. Hakuwahi kuniachia kisu.

Upande wa minyoo, jani lilitufurahisha. CT alikwenda machinjioni kuchukua minyoo ya tumbo la nguruwe, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile ya watoto, akarudi nayo katika thermos iliyokuwa ya chai. Mke wake aliikataa thermos hiyo tangu siku hiyo, na ninamuunga mkono. Tuliigawa minyoo katika vibakuli, vingine vya maji ya chumvi, vingine vya dawa. Kwenye maji ya chumvi iliendelea kujinyonganyonga. Kwenye dawa ilijikunja, ikalegea, ikafa. CT akacheza. Nasema kweli, alicheza na koti lake la labo, akiimba wimbo wa kanisa kwa ile sauti yake. "Mama yangu hapana soma," alisema, "mais angalia!"

Kisha ikaja zamu ya usalama. Kobai wakubwa walikunywa dawa na kunenepa. Wadogo, wale waliotoka tu kunyonya, walianza kujikunyata pembeni, manyoya yamesimama. CT aliwapasua. Ini la mnyama mzima ni jekundu la giza na linang'aa. Maini haya yalikuwa na rangi ya udongo mkavu, yenye madoa. Akapasua wadogo wa kizimba cha maji, na yao yalikuwa mazuri. Alirudia kazi nzima na wanyama wengine kwa sababu hakuamini. Kisha akarudia tena, na safari hiyo nadhani aliamini, ila hakutaka. Majibu hayakubadilika. Dawa ya watoto iliwadhuru wadogo, na haikuwadhuru wakubwa, ambao hawakuwa na haja nayo. Nilimhurumia sana siku hiyo. Nikaosha vibakuli.

Profesa aliyemwongoza alikuwa mtu wa Kisangani, mtu mwema, mwenye haraka. Alikuja mara moja kwa mwaka, akasoma karatasi zetu amesimama, na safari ile aliketi.

"CT, kazi ya minyoo inatosha. Ni nzuri sana. Hii ya maini utaiweka pembeni, utaifanya kisha, wakati utakuwa Professeur."

"Prof, ile dawa ni ya batoto."

"Hakuna mutu anakuomba udanganye. Unanyamaza tu."

"Kama naandika minyoo peke yake, kesho bataiuza."

"Na kama unaandika yote, jury watakuuliza ni kitu gani ndani ya jani kinaharibu maini. Utajibu nini? Mashine ya kutafuta ile kitu iko wapi?"

Haikuwepo. Haikuwepo Butembo wala Kisangani. CT aliandika yote, na jury, wale wasomi wanaoipima thèse, kwa haki yao wakamuuliza swali lile lile ambalo profesa wake alikuwa ameliona kutoka mbali. Thèse ikarudi kabatini kungojea mashine. Mke wa CT, aliyekuwa ameshashonesha nguo ya sherehe, alimkasirikia muda mrefu, na mimi nilipokwenda kuwasalimu nilipewa chai na yeye akapewa chai, lakini mimi kwa mlango wa mbele, yeye kwa mlango wa nyuma.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mbele ya wakubwa. Mbele ya mama yake alikuwa mtu mwingine, na sitaficha, kwa sababu niliona kwa macho yangu. Tulipanda Kipese pamoja kuchukua majani ya mwisho. Bibi alitukaribisha kwa viazi na maharagwe, akatuketisha karibu na moto, akamuuliza mwanawe kwa Kinande wazungu wa labo wanasemaje juu ya jani lake. Kwake kila mwenye koti jeupe alikuwa mzungu, hata mtoto aliyemzaa.

"Linaua minyoo, mama," CT alimjibu. "Linaua kabisa."

Bibi akapiga makofi, akacheka, akaniambia mimi, "Unasikia?" Nikasema nasikia. Ile nusu aliyokataa kuwapa maprofesa, CT alimpa mama yake. Tulipotoka kwenda shambani tulipita kando ya vitunguu, penye makaburi mawili madogo ya wadogo zake waliokufa wachanga. CT alisimama hapo kidogo. Mtu huyu aliyeuliza habari za kila maji na kila salamu hakuuliza kitu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kabla ya kushuka alipita kituo cha afya cha huko, akamweleza muuguzi habari zote za maini. Muuguzi akaanza kuwazuia akina mama. Safari iliyofuata bibi alilalamika kwamba watu wa kituo wana wivu, wanamfukuzia watoto wake. "Pole, mama," CT alisema, akaendelea kumenya viazi. Bibi alikufa bila kujua ni nani aliyewafukuza.

Na yeye mwenyewe, tumbo likimsokota, alilinywa jani hilo hilo. Nilimkuta siku moja nyuma ya labo na kikombe mkononi, midomo ya kijani kama ya kobai. Nikamuuliza kama huyu ndiye CT tunayemjua. "Miye si mutoto," alisema. "Kwa bakubwa hapana shida, tulipima." Akamaliza kikombe, akakunja uso, akaniambia la mama yake lilikuwa chungu zaidi.

Kosa lake kubwa halikuwa la labo. Lilikuwa la redio. Redio moja ya mji ilimwalika aeleze utafiti wake, na mimi nilikwenda naye kumshikia mfuko. Mwenye kipindi alimpa nafasi mpaka saa ya matangazo ya vifo, na kila mtu wa Butembo anajua kwamba saa hiyo haisogezwi, maana watu wanangojea kujua wazike nani na wapi. Mtu mwingine angeanza na lililo muhimu: msiwape watoto. CT alianza mwanzo. Alieleza udongo wa Kipese. Alieleza kivuli, kuchuja, mbabula. Alieleza nguruwe. Alieleza kwa furaha minyoo ilivyojikunja na kufa. "Donc, kwa upande wa efficacité, dawa inafanya kazi muzuri sana. Sasa tunaingia kwa upande wa usalama..." Mwenye kipindi akamgusa bega, akamshukuru, na muziki wa vifo ukaanza.

Juma lile watu walikwangua vichaka vya Kipese na Masereka mpaka vikabaki vijiti. Ndiyo sababu silitaji jani. CT alirudi redioni, akaomba, akagombana, akapewa dakika chache asubuhi nyingine, akasema habari ya maini. Lakini waliosikia mara ya kwanza siyo waliosikia mara ya pili. Alikwenda parokia kwa parokia, kituo kwa kituo, na watu walimsikiliza kwa adabu, na wengine walimwambia, "Sisi tulikusikia ku radio, CT, ulisema inaua minyoo." Ningesema alikuwa na bahati mbaya, lakini namjua. Hata leo ukimpa kipaza sauti ataanza na udongo.

Labo ilipopungukiwa na kila kitu, mimi nilienda kwenye maabara ya hospitali na yeye akaenda Beni kufundisha chimie, yaani kemia, katika shule ya sekondari. Wakati huo watu wa Beni walikuwa wakikimbia vita kuja Butembo na magodoro kichwani. Yeye alipita upande wa pili wa barabara ile ile. Nilimuuliza kama bado ana akili. "Batoto ya Beni bako nasoma," alisema, "mais hapana mwalimu wa chimie. Basi." Mke wake alimfuata mwezi mmoja baadaye, akiwa na thermos mpya.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa nimekwenda Beni kwenye ubatizo wa mjukuu, na asubuhi ya kurudi nyumbani CT alinisindikiza sokoni kutafuta mawese. Alikuwa amezeeka. Suruali ilikuwa imefupika au yeye alikuwa amerefuka, na viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Tulikuwa tunabishana juu ya mawese, mimi nikisema haya ni mazuri, yeye akitaka kujua nimejuaje, ndipo tukasikia mégaphone.

"Dawa ya minyoo! Ilipimwa ku labo! CT ya Butembo njo alipima, yeye mwenyewe alisema ku radio!"

Kijana mmoja alikuwa amepanga juu ya meza chupa za maji ya kunywa zilizojazwa maji ya kijani. Harufu niliijua kabla sijakaribia. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mke wa mwanajeshi, mgeni wa mkoa mwingine kwa jinsi Kiswahili chake kilivyokuwa na Lingala ndani. "Mwana na ngai anakula, mais anakonda," alikuwa akimwambia kijana. "Tumbo tu njo inakuwa mukubwa." Mtoto alikuwa amelala, shavu limelala mgongoni kwa mama yake. Hakuwa na umri wa kutembea.

CT akasogea. Nikajua atafanya nini, na alikifanya.

"Mama, bonjour. Ile jani tulitoa Kipese. Kwanza tuliipima ku minyoo ya nguruwe..."

"Donc inaua minyoo?"

"Inaua, mais..."

"Aksanti, papa." Mwanamke akanyoosha mkono, akashika chupa.

"Hapana kupatia mutoto!" CT alisema kwa nguvu. "Ni miye ule CT. Nilipima. Iko naharibisha maini ya batoto."

Kijana akacheka, bila ubaya, kama mtu anayemcheka babu yake. "Muzee, acha kuharibu kazi ya batu. CT ule iko Professeur sasa, iko Kinshasa. Anaweza vaa viatu ya hivi?" Waliokuwa karibu wakacheka pia. Mwanamke alimtazama CT kwa huruma, akaanza kufungua kifuniko cha chupa, ili mtoto aonje pale pale.

CT akajinyoosha, akavuta mikono ya shati, akasema kwa Kifaransa chake cha darasani, polepole, kila neno peke yake: "Madame, je suis le Professeur." Halafu akarudi kwenye Kiswahili. "Njo miye Professeur mwenye alipima ile dawa. Inaua minyoo, na kisha inaua mutoto. Peleka huyu ku centre de santé, leo."

Uprofesa hakuwa nao. Na kwamba jani linaua mtoto, hilo hakuwahi kulipima, wala asingemruhusu mwanafunzi yeyote aliandike.

Mwanamke akamwangalia usoni, akaangalia viatu, akanigeukia mimi. "Mama, ni kweli? Huyu ni Professeur?"

"Ndiyo," nilisema. "Ni Professeur. Nilifanya naye kazi miaka mingi."

Akairudisha chupa mezani. Akakaza kikwembe kilichomshika mtoto, akauliza kituo cha afya kiko upande gani, CT akamwonyesha, akaenda bila kugeuka. Kijana alinung'unika kidogo, akakusanya chupa zake ndani ya kikapu, akahama.

Sisi tukarudi kwenye mawese. CT alichagua bidon moja ya mawese bila kuuliza swali lolote, akafunga kifuniko vizuri, akaanza kunitangulia kwenda kwenye taxi. Tulikuwa bado hatujatoka sokoni tuliposikia mégaphone tena, kutoka upande wa wauza samaki.

"Dawa ya minyoo! Professeur mukubwa njo alipima! Iko hapa Beni, nilimuona leo!"

CT akaweka bidon chini, akanikabidhi mfuko wake, akarudi sokoni kuifuata ile sauti.